Doa la Upande Mmoja

Jumatatu, 3 Machi
Yule dada ninayemwita Miwani kafunika kompyuta yake tena nilipopita. Tunakaa meza moja, tunachunguza kromosomu ileile, halafu ananificha! Anaiba hesabu zangu, hakuna jingine. Mkataba wa mwaka ujao ni wa mtu mmoja tu, na Profesa ataamua baada ya kutusikiliza Ijumaa. Nimemweleza mke wangu. Akasema labda dada wa watu hapendi kupumuliwa shingoni. Mambo ya maabara hayajui.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata dawa yake! Ramani yangu ni mraba uliojaa madoa: uzi wa DNA ukijikunja, kila vipande viwili vinapogusana programu inatia doa. Leo nimetia doa langu mwenyewe, la uongo, mahali pasipo na kitu. Likionekana kwenye ramani ya Miwani, nimemkamata peupe. Nikaacha faili wazi, nikaenda chai. Nimekaa huko mpaka muuza chai akauliza kama nimefukuzwa kazi.

Jumatano, 5 Machi
Nimechungulia ramani yake, doa halimo. Hajaiba. Mjanja huyu! Kanipa na peremende. Nimeila, ila kwa uangalifu.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa. Nilisahau kulifuta. Doa likatokea ukutani, kubwa kama sinia, mbele ya idara nzima. Profesa akauliza kama hicho ni kitanzi kipya, yaani mahali pengine uzi umejikunja ukajigusa. Ningesema nini? Nikasema ndiyo, nimekigundua mimi. Nikakieleza vizuri mpaka mwenyewe nikaanza kukiamini. Profesa akasogeza kiti karibu.

Ndipo Miwani akanyoosha mkono. Samahani kaka, akasema, mbona doa liko upande mmoja? Kipande hiki kikigusa kile, kile nacho si kimegusa hiki?

Kweli. Kwenye ramani hizi kila doa lina pacha wake ng'ambo ya mstari wa katikati, ule unaokata mraba kona kwa kona. Langu lilikuwa limekaa peke yake kama mgeni asiyealikwa. Fundi wa kompyuta alicheka mpaka akatoka nje. Profesa hakucheka.

Jumatatu, 10 Machi
Mkataba kapata Miwani. Mimi mwisho wa mwezi naondoka. Asubuhi kanitumia ramani yangu, kaisafisha, na ujumbe: kaka, nimekuombea kwa Profesa, ukileta hesabu safi Ijumaa atakusikiliza tena, huenda ukapata nusu mkataba.

Wema wote huu wa nini? Kuna jambo.

Nimetia doa jingine. Safari hii pande zote mbili.