Uzinduzi wa Jeshi la Kichina Levolosi

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mama Agnela, Mlezi wa Mamlaka ya Uratibu wa Vitu Vidogo, kwa kifupi MAUVIDO, mheshimiwa dereva wa mgeni rasmi, ambaye naona amepata soda kabla yetu, waheshimiwa wajumbe wa kamati tendaji, na waheshimiwa wajumbe wa kamati inayosimamia kamati tendaji, viongozi wa dini, mlioombwa sala fupi mkatoa ndefu, mzee wetu Yiamat, shikamoo mzee (Mzee Yiamat: "Marahaba. Harakisha."), wadau wote kutoka Levolosi, Elerai na Daraja Mbili, na ninyi wageni wa Moshi mliokaa nyuma na maboksi yenu magotini, ambao sijui mmealikwa na nani lakini karibuni sana, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi. Wa Moshi hawapigi, wanatazama saa.)

Kwa wasionifahamu, kama wapo, mimi ni Abdiel Fanuel, Mratibu Mkuu wa MAUVIDO, mbunifu, mwasisi na mbeba maono wa mradi huu. Nilisimama kikaoni nikasema, jamani, Arusha tuna mlima, tuna kahawa, tuna watalii wanaopotea njia kila siku, lakini hatuna jeshi la Kichina la kale. (Kicheko.) Msicheke. Nazungumzia askari wadogo wa plastiki, urefu wao haufiki kifundo cha pili cha kidole, wanaopakwa rangi kwa mkono mmoja mmoja, kisha wanapangwa mezani, watu wawili wanarusha dadu na kupigana vita nzima bila hata kuchubuana. Huko duniani, ndugu zangu, kuna watu wazima wenye ndevu na vitambi wanaofanya mchezo huu, na wake zao wamenyamaza tu.

Basi MAUVIDO, chini ya uongozi wangu uliotukuka, ilifanya upembuzi yakinifu, ikafanya upembuzi wa ule upembuzi, ikaandaa mpango mkakati, semina elekezi kando ya Ziwa Duluti iliyokuwa na samaki wazuri sana, na hatimaye ziara ya kujifunza, ambapo wataalamu wetu walikwenda kutazama mahali ambapo rangi inauzwa, wakarudi wakithibitisha kwamba rangi kweli inauzwa. (Sauti: "Hongera!") Asante ndugu. Matokeo yake ni kwamba tumetekeleza viashiria vyote vya mradi kwa asilimia mia moja na kumi na mbili, na hizo kumi na mbili za ziada nimeziweka akiba kwa mwaka wa fedha ujao. (Makofi ya wajumbe wa kamati.)

Sasa naomba kwa heshima na taadhima niondoe kitambaa hiki. (Anaondoa kitambaa. Ukumbi unaguna kwa mshangao.) Tazameni! Wapiga mishale mstari wa mbele wamepiga goti, nyuma yao watu wa mikuki, kulia wapanda farasi, na katikati jemadari juu ya gari la vita la farasi wanne, bendera yake nyekundu. Oneni deraya za kifuani, kila kigae kimechorwa ukingo wake. Kwenye mikunjo ya nguo pamepitishwa rangi ya kahawia iliyozimuliwa kwa maji, ikatulia mle ndani ikawa kivuli. Kila askari ana macho, na kila mmoja anatazama kivyake. Haya yote, mabibi na mabwana, yamefanywa na vijana mia tatu tuliowajengea uwezo kwenye karakana yetu ya kisasa. (Mwanamke mmoja, safu ya tatu, anasimama: "Karakana gani?")

Naomba utulivu. Yule ni dada yetu Namnyaki Lesian, mnamfahamu, ndiye anayetuchorea mabango ya saluni na bucha hapa Levolosi. Dada, maswali ni mwishoni, na mwishoni hatutakuwa na muda. (Mgambo anamketisha.) Kama nilivyokuwa nikisema, jeshi hili lina nidhamu ambayo sijaiona kwenye taasisi yoyote. Hakuna aliyeomba ruhusa ya msiba. Hakuna aliyechelewa akasingizia mvua. Huyu hapa kwa mfano... (Anamwinua askari kwa kichwa. Namnyaki, kwa sauti ya juu: "Usimshike kichwani! Una mafuta ya sambusa! Mshike kitako, pale chini!") Sawa, sawa, nimepokea maoni ya mdau. Kitako.

Na sasa natangaza jambo litakaloingia katika historia ya jiji hili. Kwa kutambua mchango wa mgeni wetu rasmi, MAUVIDO imeamua kwa kauli moja kumkabidhi Mama Agnela jeshi hili zima, na jemadari wake, na boksi lake, akaliweke kwenye kabati la ofisini. (Makofi. Namnyaki anasimama tena. Mgambo anamvuta, hakai. "Kabati? Mimi nina mechi saa sita! Wa Moshi hawa nimewaalika mimi! Miaka minne nimewapaka rangi hao, Abdiel, umekuja asubuhi nyumbani kwangu ukasema unawaazima dakika tano uwapige picha!" Mtu wa Moshi, Reginald, anainua boksi lake la askari: "Dada Namnyaki, tupange meza au turudi?" Ukumbi unavuma.)

Ndugu zangu, huu ndio msisimko tunaoutaka kwa wananchi. Dada yetu ameguswa na mradi mpaka anauona kama wake. Hiyo kitaalamu inaitwa umiliki wa jamii, na nitaiandika kwenye ripoti. (Kicheko.) Lakini ili kuondoa wingu la shaka, Mama Agnela, naomba umchukue askari yeyote, umshike kitako kama tulivyoelekezwa, umgeuze. Umeona? Kila askari chini yake amepigwa alama, duara na mkia wake. Asubuhi niliiona mwenyewe. Hiyo ndiyo nembo rasmi ya MAUVIDO! (Mama Agnela anageuza wa kwanza, wa pili, wa tatu. Anampa Mzee Yiamat. Mzee anavaa miwani.)

(Mzee Yiamat: "Ero, kijana wangu Abdiel. Hii ni chapa ya ng'ombe. Ya boma la kina Lesian, huko chini ya Meru. Inakaa pajani kulia. Ng'ombe mwenye hii akikutwa kwako, unaitwa kikaoni." Kicheko kikubwa. Mama Agnela hacheki.)

Mzee, nashukuru kwa fidibaki. Ni kweli kwamba, katika utekelezaji wa miradi shirikishi, inaweza kutokea nembo ya taasisi ikafanana, kwa bahati, na paja la ng'ombe. (Mama Agnela anamweka jemadari kwenye kiganja cha Namnyaki. Namnyaki anamfuta kichwani kwa pindo la kanga, polepole, na machozi yanamtoka. Wa Moshi wanapiga makofi kwa mara ya kwanza.) Naona mgeni rasmi amekabidhi zawadi kwa niaba yetu. Hilo nalo lilikuwa kwenye ratiba.

Nihitimishe, maana naona meza inabebwa. Nikisema Jeshi Dogo, mseme Heshima Kubwa. Jeshi Dogo! (Dereva peke yake: "Heshima Kubwa!") Vitu Vidogo! (Dereva anachukua funguo, anainuka.) Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru mgeni rasmi, ambaye anaelekea mlangoni. Nawashukuru vijana mia tatu wa karakana, ambao tutaanza kuwatafuta mara tu karakana itakapopata kiwanja. Namshukuru mwenye kitambaa, na mwenye kipaza sauti. Na kwa namna ya pekee namshukuru dada Namnyaki kwa kutuazima jeshi lake, kwa kuwa la kwetu, kusema ukweli, halijawahi kununuliwa hata farasi mmoja. (Kutoka mwisho wa ukumbi, dadu za kwanza zinagonga meza.)

Dada Namnyaki! Ukimaliza hiyo mechi, tafadhali, utuazime tena Jumatatu. Wakaguzi wanakuja.