Rimoti Mama ya Garsen

Randu aliposhuka Garsen alikuta kila duka lina televisheni na kila televisheni ina chenga. Akamshukuru Mungu, maana mtu aliyechoka na chenga hununua chochote. Mkononi alikuwa na dishi moja, king'amuzi kimoja na mzigo wa waya, na vitu hivyo vitatu ndivyo vilivyokuwa shamba lake na cheti chake cha shule. Kwa vitu hivyo alikula katika mji wa Madogo, akala Bangale, na kila mahali aliondoka kabla watu hawajaanza kuulizana. Akivipoteza, hakuwa na kazi nyingine duniani ila kusema, na maneno matupu hayajazi tumbo.

Alifunga dishi juu ya paa la chumba alichopanga, akavuta waya duka hadi duka, kisha akawaeleza watu huduma zake kwa upole wa daktari. Kulikuwa na kifurushi cha Mto, chaneli thelathini. Kulikuwa na cha Ziwa, chaneli sitini. Na kulikuwa na cha Delta, ambacho chaneli zake, alisema, hata mafundi wa Nairobi walikuwa hawajamaliza kuzihesabu. Watu walipima, wakapimana. Kinyozi alitosheka na Mto mpaka aliposikia jirani amechukua Ziwa, akaona aibu, akapanda. Ukweli ni kwamba king'amuzi kimoja hutoa picha moja. Wa Mto na wa Delta walitazama kitu kilekile, kwa kadiri Randu alivyobonyeza rimoti akiwa amelala chali kitandani.

Aliyegundua ni Bi Mwanaarusi, mwenye hoteli ya pilau karibu na stendi. Aliuliza mbona yeye wa Delta anaona wanachoona wa Mto. Tapeli mchanga angefunga virago. Randu alivuta kiti karibu, akashusha sauti.

"Mama, hili sijamwambia mtu. Kuna rimoti mama. Mwenye nayo ndiye anayeamua mji utazame nini. Akitaka mpira wa Jumamosi uonekane kwake tu, wengine wanapata chenga."

Bi Mwanaarusi aliiona hoteli yake imejaa hadi barabarani na washindani wake wakifukuza nzi. Hakuuliza tena habari ya Mto. Akasema atalipa Ijumaa, akishahakikisha.

Siku hiyohiyo rimoti mama iliuzwa tena, kwa Barwako, muuza madera, aliyetaka tamthilia ionekane dukani kwake peke yake ili akina mama waje kutazama na watoke na nguo. Ikauzwa mara ya tatu kwa Mzee Godhana, dalali wa mifugo, ambaye alitaka taarifa ya habari kuanzia asubuhi hadi jioni, vijana wachoke na televisheni warudi kuchunga. Wote watatu waliapa kunyamaza, na wote wangelipa Ijumaa. Randu alimgawia kila mmoja saa yake, akajiona hakimu.

Alhamisi, siku ya mnada, Mzee Godhana alimwita sokoni.

"Fundi, mimi nataka yote. Dishi, dikoda, waya. Rimoti ya mtu moja iko na kelele. Lakini hapa bei hapana sema na mdomo. Bei ni ya mkono."

Randu alikuwa ameyaona mambo hayo asubuhi, kwenye ng'ombe. Muuzaji na mnunuzi hushikana mikono chini ya shuka, wakabanana vidole, na waliosimama pembeni wasijue bei. Alikuwa amemwona fahali akienda kwa vidole vitano, na zikahesabiwa elfu hamsini. Elfu hamsini zingemnunulia seti mbili mpya Mombasa. Angeweza kumuuliza mtu yeyote pale desturi inakwendaje, lakini mjanja akiuliza ataitwa nani?

Godhana alimpeleka upande wenye kivuli, walipofungwa mbuzi, akamfunika mkono kwa shuka. Akambana vidole vitatu. Randu akatikisa kichwa kwa dharau. Akambana vinne. Randu akatazama mawingu. Akambana vyote vitano, na Randu akakaza mkono mpaka mzee akatabasamu. Mashahidi wakasema imekwenda.

Godhana akahesabu noti tano za elfu moja, akafunga mkoba.

Randu alicheka, akasubiri zilizobaki. Hakuna zilizokuja. Mzee akamweleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto wa mgeni, kwamba kule kwa ng'ombe kidole ni elfu kumi, na hapa kwa mbuzi kidole ni elfu moja. Wamesimama wapi?

Randu aligeuka kwa mashahidi awaombe haki. Mbele yao walikuwa Bi Mwanaarusi na Barwako, bega kwa bega.

"Nitakwenda polisi," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamtia huruma.

"Twende, mwanangu," Bi Mwanaarusi alimjibu. "Tutakusindikiza. Wewe utawaeleza vifurushi, sisi tutawaeleza rimoti mama."

Hawakwenda. Randu alitoa rimoti mfukoni, na mikono mitatu ikanyooshwa kwa pamoja. Alipokuwa akiondoka alisikia nyuma yake Barwako akisema Jumamosi ni ya tamthilia, Bi Mwanaarusi akimkumbusha aliyefikiria shauri lote hili ni nani, na Godhana akiapa kwamba shuka ilikuwa yake.

Alisimama. Ugomvi kama ule ndio aliokula maisha yake yote. Palipo na watu watatu na kitu kimoja, Randu hakuwahi kulala njaa. Leo uliiva mbele ya macho yake, mtamu, wa kutosha mwezi mzima, na hakuwa na hata kipande cha waya cha kuuzia. Moyo ulimuuma kuliko kupotelewa na elfu arobaini na tano. Akaenda kukata tikiti ya Malindi.