Profesa Aliyegeukia Ukuta

Usijifanye hukumwona. Fundi wa mageti alichechemea mbele ya mlango wako mwaka mzima, doa jeusi likimtambaa unyayoni, nawe ukakazana na simu yako. Aliyemwona ni tapeli.

Mtaa ulimwita Profesa, kwa sababu ya miwani na koti jeupe alilolirithi kwa kinyozi. Alimkuta Fundi ametoka hospitali na habari mbaya: saratani ya ngozi, imeshasambaa. Akamketisha, akamweleza tiba mpya: askari wa mwili, zile chembe za kinga, wanachukuliwa kutoka ndani ya uvimbe wenyewe, wanalishwa maabara hadi wawe jeshi, kisha anarudishiwa mwenyewe. Na hapo, nisikilize vizuri, hakusema uongo. Tiba ipo. Ipo mbali, kwa wenye nacho, na wanaopaswa kutuletea wamelala usingizi wa pono. Uongo ni kwamba jeshi hilo analifuga yeye, kwenye friji ya soda.

Malipo yake yalikuwa mashine ya kuchomelea, ile iliyolisha nyumba nzima. Fundi alikubali papo hapo.

Dada wa Fundi, mwenye bucha, hakubisha. Aliona tu kwamba Profesa ameikagua mashine mpaka nati, lakini kidonda hakukitupia hata jicho. Basi kilipotolewa kichupa cha kuwekea kinyama cha uvimbe, dada akajitolea kukata mwenyewe. Profesa, anayeogopa damu kuliko polisi, akageukia ukuta.

Wiki iliyofuata akarudi na sindano ndani ya kikasha cha barafu. Askari wamenenepa, alisema, wanamlilia mwenyewe.

“Una hakika, kaka, wametoka kwenye nyama ile ile?”

“Naapa, dada yangu. Wanamjua Fundi kuliko mama yake mzazi.”

“Ajabu. Ile ilikuwa paja la ng'ombe.”

Wa kwanza kucheka alikuwa Fundi, aliyekuwa amesahau kucheka. Wachinjaji wawili wa bucha walisimama mlangoni na visu vyao vya kazini. Profesa akaomba ruhusa aondoke. Dada akamjibu kwamba ruhusa anayo na gari analo, basi aondoke na mgonjwa.

Profesa akaendesha hadi hospitali ya rufaa, dada kando yake, kikasha cha sindano mapajani. Dada akawaeleza polisi wa getini, wakampokea dereva. Wauguzi wakampokea Fundi. Daktari alikata alichoweza, akamwanzishia dawa, akaahidi kuulizia tiba ile ya ng'ambo. Kisha akasema doa lile, lingeonwa mapema, kisu kidogo tu kingetosha.

Umesikia? Vua viatu. Tazama unyayo, katikati ya vidole, chini ya kucha. Halafu kagonge kwa jirani anayechechemea, umpeleke hospitali. Leo hii.