Mwongozo wa Kalolaine na Fungu la Mchungaji

Jumatatu, 4 Agosti. Māngere, mvua.

Mwanangu Kalolaine anaandika kitabu. Nimewaambia wanakwaya wote. Fusi akauliza kitabu gani. Nikasema ni mwongozo wa chombo kinachobeba mafaili baina ya mawakala wa akili mnemba na mashine pepe. Nikaishia hapo, maana nilikuwa nimemaliza yote niliyokariri. Kisha Fusi akasema haya, hongera, ila mwanawe Viliami, daktari wa meno, jana kamng'oa mtu magego mawili. Mwanamke huyu hata kwenye sala lazima ataje meno.

Nyumbani nikaomba kuelezwa upya. Mashine pepe ni kompyuta isiyo na mwili, inaishi ndani ya kompyuta nyingine. Wakala ni programu unayoituma kazi, ikaifanya yenyewe. Chombo ndicho mchukuzi wao. Na mwongozo wanausoma watu, na mawakala pia. Nimeelewa kabisa. Majaribio ya Kalolaine kazini yanaisha Ijumaa. Mwongozo ukikubaliwa, anaajiriwa. Nimeshatangaza kwamba ameajiriwa.

Jumatano, 6 Agosti

Nimetukanwa ndani ya nyumba yangu. Kalolaine kaniomba niufuate mwongozo hatua kwa hatua. Nikauliza kwa nini mimi. Akasema mkuu wake, Bwana Pritchard, anataka upimwe na mtu asiyejua kitu. Asiyejua kitu! Mimi, miaka kumi na tisa nakunja mashuka ya hospitali. Nikasema basi aje akunje shuka lenye mpira pembeni, tuone nani hajui.

Nikajaribu. Faili likaenda mara ya kwanza. Lakini mwongozo wenyewe ni aibu. Hauna salamu. Unamwambia mtu "tuma", kama anaitwa mbwa. Tena faili linakwenda moja kwa moja kwa mlaji. Sisi Watonga wa visiwani tukifukua chakula cha umu, tanuri letu la shimoni, hakuna anayelamba hata kidole kabla kapu la mchungaji halijatoka mlangoni. Mtoto huyu nilimlea vipi?

Alisema niandike maoni pembeni mwa ukurasa. Pembeni pamebana. Alipokwenda kuoga nikaandika katikati, juu ya hatua ya kwanza: kabla ya kumtumia yeyote, mpelekee mchungaji fungu lake. Ili msomaji asihangaike, nikaweka na anwani ya barua pepe ya Mchungaji Sekope, kutoka karatasi ya matangazo ya kanisa. Kalolaine akatoka, nywele zinachuruzika, akauliza kama nimemaliza. Nikasema nimemaliza. Akautuma kazini bila kuusoma tena. Haraka zake, si zangu.

Alhamisi, 7 Agosti

Mke wa mchungaji kapiga simu. Mpole mno, ule upole wa kutisha. Tangu asubuhi mumewe kapokea mafaili elfu nne na mia mbili, na bado yanaingia. Akauliza kama kuna msiba. Nikasema hapana, ni heshima. Akasema heshima imejaa hadi barua za waumini haziingii.

Kumbe mawakala wameusoma mwongozo na kutii. Kila faili, kwanza kwa mchungaji. Nikamwambia Kalolaine hao ndio watoto waliolelewa, si kama watu wa ofisini kwenu. Hakucheka. Akasema, "Mama, kesho nafukuzwa." Akakaa kwenye ngazi za jikoni, viatu mkononi. Nikampikia lu, majani ya magimbi na nyama ya kopo. Akalisukuma. Hajawahi kukataa lu tangu aote meno. Kifua kikanibana. Nikala na la kwake, kikabana zaidi.

Fusi keshapata habari. Kawaambia wanakwaya meno ya Viliami angalau yanabaki kwenye bakuli lake. Wamecheka wote. Hata wale niliowafulia mavazi ya Pasaka.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimekwenda ofisini mwenyewe, nimejifunga mkeka wa heshima kiunoni kwa desturi yetu, sinia la lu mikononi. Kalolaine alinisihi mara tatu nibaki nyumbani. Pritchard ni kijana mwembamba, shati halijaona pasi. Nikamwambia mtoto aachwe, kosa ni langu. Asiyejua kitu ni mimi, kama alivyosema. Neno lilinikwama kama mwiba wa samaki, lakini nililitema.

Akasema mafaili yalikuwa ya majaribio, matupu. Akasema miezi sita anawaambia wenzake kwamba wakala hutii lolote lililoandikwa, hawasikii. Sasa ana ushahidi elfu nne. Kalolaine aandike sura ya onyo: wakala asitume faili kwa anwani ngeni bila kumuuliza mwenye faili. Na kazi ni yake.

Kalolaine akalia. Pritchard akala lu tatu bila kumtengea mtu fungu. Nimeliona hilo.

Jumapili, 10 Agosti

Mchungaji katangaza ajira ya Kalolaine mbele ya wote. Fusi kanipa mkono, vidole viwili tu. Kalolaine kaniapisha juu ya Biblia nisiguse tena mwongozo. Nikaapa.

Mchana kaenda dukani, kaacha kompyuta wazi. Nimesoma sura ya onyo. Salamu hakuna. Tena onyo halina mfano wa anwani isiyofaa kutumiwa, msomaji ataelewaje? Kiapo kilikuwa cha ule mwongozo wa zamani. Nimeweka salamu, shukrani kwa mama, na mfano: anwani ya barua pepe ya Fusi. Nimeinakili vizuri, herufi kwa herufi, nikaikagua mara mbili.