Mfarishi Ulioondoka na Leso Yangu

Rukia na Mwanasiti, wadogo zangu, leo nimepatikana. Salamu mtazikuta mwishoni, kama nitazikumbuka. Nimeketi kitandani, na kabla habari haijawafikia kwa midomo ya watu wa Msambweni (mnawajua) ni afadhali muipate kwangu mimi mwenyewe.

Chama chetu cha ushonaji ni kilekile mlichokiacha mlipoolewa. Wanawake kumi na mmoja, cherehani moja ya mkono, na lile banda la zamani la kukaushia mbata, mpaka leo kila tunachoshona kinanuka nazi. Lakini tangu bendera ibadilishwe tumeshona magauni ya sherehe ya uhuru mpaka vidole vimeota sugu. Vikabaki vipande, vyeusi, vyekundu, vya kijani, vyeupe, makapu matatu. Nikasema havitupwi. Tutashona mfarishi, lile tandiko nene la viraka linalojazwa usufi katikati, kama mama alivyokuwa akishonea vitanda vya maharusi.

Basi kila Jumamosi nikawafundisha. Mimi, ambaye cheti changu cha pekee ni kile cha kuchanjwa ndui.

Wiki mbili zilizopita ikaja barua kutoka Kwale. Bibi Afisa wa mambo ya wanawake atakuja kututazama. Akiridhika, nitaandikwa mwalimu wa ushonaji kuanzia hapa hadi Majoreni. Asiporidhika, ataletwa mwalimu mwenye cheti kutoka bara, nami nikae mkekani pamoja na wanafunzi wangu, na mvi zangu hizi. Wiki mbili nzima sikuujua utamu wa chai.

Asubuhi ya leo nikaoga, nikavaa blauzi nyeupe, na chini nikajifunga leso mpya ya makorosho. Ni doti aliyoninunulia Baba Fadhili kule Mombasa, nami nilikuwa nimeificha sandukuni nikingoja siku ya heshima. Ile ya pili sikujitanda. Niliitundika mlangoni mwa banda iwe pazia, mgeni apite penye nguo nzuri (wazo langu hilo, msimlaumu mwingine). Ndani ya leso nilivaa shumizi. Habari za shumizi zitafika zamu yake.

Tuliambiwa saa tatu. Saa mbili na nusu gari la serikali likasimama nje, na sisi upande mmoja wa pindo haujashonwa.

Akashuka msichana. Wallahi msichana, hazidi miaka ishirini na mitano, saa mkononi, kitabu kwapani. Sisi tulizoea kuletewa memsahibu mwenye kofia. Nikasimama nikijiuliza, kwa cheo nimwamkie mimi, au kwa umri aniamkie yeye? Akanitangulia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," nikasema, kisha nikakumbuka kwamba mwanangu ndiye serikali. "Karibu ndani, Bibi Afisa."

Nilimwona moyoni mwangu kama binti yangu. Mweusi kama mimi, na gari linamngoja yeye. Nilijivuna kana kwamba nimemzaa. Nadhani maringo yalinianzia hapo.

Nikamwambia mfarishi umebakia kidogo tu, asubiri anywe chai kwanza. Akakataa.

"Endeleeni na kazi, mama. Tandiko lililokwisha naweza kuliona dukani. Nimekuja kuona mikono."

Tukaketi kama kawaida yetu, mkekani, miguu tumeinyoosha, mfarishi umetandazwa katikati na kingo zake zimetulalia mapajani. Bibi Afisa akapewa kiti. Dereva wake, mwanamume mnene mwenye kofia ya kaki, akasimama nje karibu na pazia.

Sasa, ninyi mnaijua kanuni yangu. Mtu akishona mfarishi mapajani, kila mishono minne hupitisha kiganja chini yake, ahakikishe hakuna kilichonaswa. Nimewaimbia kanuni hiyo mpaka wamenichoka. Mwezi uliopita Mwanahamisi alishona mfarishi na mkeka, nami nikamwaibisha siku nzima. (Mungu ananiona.)

Mbele ya mgeni nikataka kanuni isikike. Kando yangu alikuwa Mama Ndunge, yule Mkamba aliyehamia na mumewe kwenye mashamba mapya ya Shimba. Ni mtu mpole, na mshono wake umetulia. Hakuwa na kosa lolote.

"Kiganja, Mama Ndunge," nikasema kwa sauti ya mwalimu. "Kiganja chini."

"Nimepitisha, mwalimu."

"Pitisha tena."

Akapitisha tena, maskini. Nikamgeukia Bibi Afisa nikamweleza kwa nini tunafanya hivyo, na kwamba mshoni asiyetumia kiganja ni sawa na mpishi asiyeonja. Nikamweleza mama alivyonifundisha. Nikamweleza usufi unavyochambuliwa mbegu. Wakati wote huo sindano yangu inakwenda.

"Mbona huiangalii sindano, mama?" akaniuliza.

"Mimi siangalii, Bibi Afisa. Kidole ndicho chenye macho."

Maneno hayo niliyasema mimi, kwa kinywa changu.

Akaandika kitu kitabuni. Nikazidi kunoga. Nikashona upande mzima nikimtazama usoni na kutabasamu. Mahali fulani sindano ikawa nzito, nikajiambia hapo usufi umejazana. Nikaisukuma. Jamani, niliisukuma kwa nguvu zote, na mishono nikaikaza maradufu, kwa sababu penye usufi mwingi ndipo panapofumuka upesi. Nikafika mwisho, nikafunga fundo, nikakata uzi kwa meno.

"Tayari," nikasema.

Bibi Afisa akasimama. "Hebu uinueni wote, niuone."

Mwanahamisi na wenzake watatu wakashika pembe, wakainuka kwa pamoja, wakaunyanyua mfarishi mpaka karibu na boriti. Wanawake wote wakasema "aaah", kwa sababu ulikuwa unapendeza kweli. Nami nikaanza kuinuka nilipokee sifa zangu.

Nikahisi kiuno kinavutwa.

Nilidhani nimekanyaga leso. Nikaivuta. Ikanivuta. Mwanahamisi kule juu akahisi pembe yake imekwama, akadhani ni msumari wa ukutani, naye akavuta. Nikashika leso kwa mikono miwili. Yeye akamwita mwenzake amsaidie.

"Acheni," nikasema kwa sauti ndogo, nikiendelea kumtabasamia mgeni.

"Kuna kitu kimeshika huku, mwalimu," Mwanahamisi akajibu. "Usijali, tutakitoa."

Wakakitoa. Fundo la kiunoni likafunguka, leso ikapaa, na mfarishi ukasimama mbele ya Bibi Afisa katika fahari yake yote, na leso yangu ya makorosho ikining'inia pembeni.

Nami nimebaki na shumizi.

Sasa zamu yake imefika. Shumizi hiyo niliishona kwa gunia jeupe la unga, lile tulilopewa mwaka wa njaa. Kitambaa chake kigumu, hakiishi. Nimekifua mara mia, na maandishi yake hayatoki. Nilipogeuka haraka kujificha, nikampa serikali mgongo. Mgongoni, kwenye makalio hasa, kwa herufi nyekundu, pameandikwa MALI YA SERIKALI.



Bibi Afisa alisoma. Nilijua anasoma kwa sababu alikaa kimya muda wa kusoma maneno matatu, kisha nikasikia akikohoa kikohozi kisicho cha kifua.

"Nipeni ile ya mlangoni," nikanong'ona.

Mwanahamisi akakimbilia pazia. Hapo nikakumbuka ni nani yuko nyuma ya pazia.

"Usiitoe!"

"Niitoe au nisiitoe?"

"Kuna dereva huko!"

Dereva akasikia ametajwa, akachungulia ajue anaitiwa nini. Kwa heshima yake nitasema hakuona kitu, maana hivyo ndivyo alivyosema mwenyewe, mara tatu, bila kuulizwa, akirudi kwenye gari kwa hatua ndefu.

Mama Ndunge ndiye aliyeniokoa. Aliushika mfarishi, akauteremsha, akanizungushia mwili mzima kuanzia kifuani hadi miguuni. Yule niliyekuwa nikimsimanga nusu saa iliyopita. Nikasimama humo ndani, usufi pande zote, chini ya mabati, jua la saa nne, jasho likinitoka mpaka kwenye nyusi. Machozi nayo yalikuwa njiani, maana niliiona kazi yangu imekwisha. Nilimwona mwalimu wa cheti akishuka kwenye basi na sanduku lake.

Bibi Afisa akanisogelea. Akauinua upindo mahali leso ilipokamatwa, akautazama kwa karibu. Akaweka ukucha kwenye mshono, akajaribu kuufumua. Haukufumuka. Akashika leso kwa mkono mmoja na mfarishi kwa mkono wa pili, akavuta. Nami nikayumba naye.

"Wamevuta wanawake wawili," akasema, "na kilichofunguka ni fundo la kiunoni."

"Ndiyo, Bibi Afisa."

"Hapa ulishona bila kuangalia?"

Nilitamani kusema niliangalia. Lakini ningesema niliangalia kisha nikashona leso yangu mwenyewe, ingekuwa mbaya zaidi.

"Sikuangalia."

Akaupitishia kidole mshono wote, kutoka mwanzo hadi mwisho, polepole. "Umenyooka kama uliochorwa. Nami chuoni nilisomea ushonaji miaka miwili, mama. Siwezi hivi nikiwa nimekodoa macho."

Kisha akawageukia wenzangu. Akawauliza mmoja mmoja nani ameshona wapi, nao wakamwonyesha, hata Mama Ndunge, "hapa na hapa, na hii ya kijani pia ni yangu," kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo. Kila upande ulikuwa sawa na mwingine. Mtu asingejua umeshonwa na mikono ya wanawake kumi na mmoja. Nilisimama pale nikitokwa na jasho, nimevaa kazi ya wanafunzi wangu, na wallahi moyo ulinijaa mpaka nikasahau kuona haya kwa muda mfupi.

Akafungua kitabu chake, akauliza jina langu kamili. Nikampa, na la baba na la babu, asije akakosea. Akaliandika huku nikiona. Mwalimu wa ushonaji, Msambweni hadi Majoreni. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka mabati yakaitika. Mimi sikuweza kuinua mikono kupiga makofi, kwa sababu mnazozijua.

"Ila nina ombi moja," akasema. "Kuna maonyesho Kwale mwezi ujao. Mfarishi huu nauchukua utundikwe."

"Uchukue, mwanangu, uchukue. Ngoja nifumue leso kwanza."

Akaniwekea mkono begani. "Usiifumue. Nataka watu wavute wenyewe waone."

Basi nimerudi nyumbani na ile ya pazia. Baba Fadhili ameniuliza ya pili iko wapi, nimemwambia imechukuliwa na serikali, na hilo si uongo.

Wasalimieni wote huko. Mkipita Kwale mwezi ujao mtaukuta ukutani, mzuri kuliko yote, na leso ya makorosho ikining'inia pembeni. Chini yake kuna jina langu, la baba na la babu. Vuteni mtakavyo, jivuneni nami, na mtu akiuliza leso inafanya nini pale, mwambieni ndivyo mafundi wa Msambweni tunavyomalizia pindo.