Sindano ya Lopeti na Akili Zangu

Jumatatu, 8 Mei

Lopeti hajachomwa sindano! Mwezi uliopita hakwenda, na ya mwezi huu imempita. Nimeambiwa leo dukani na Fusi, nesi wetu mpya. Nusura niangushe mkate.

Mtoto ana miaka kumi na sita. Mwaka jana koo lilimuuma, tukapuuza, ikaja homa ya viungo, ikamshuka mpaka moyoni. Daktari wa mjini alisema sindano kila mwezi mpaka awe mtu mzima, la sivyo moyo utachakaa kabla ya mwenyewe. Kila mwezi! Na yeye anakimbilia raga na kuniambia, "Mama, niko fiti, punguza presha."

Baba yake yuko Australia anachuma matunda. Kwa hiyo akili zote za nyumba hii ni zangu.

Na si akili ndogo. Fusi nimemleta mimi! Ni binti wa binamu yangu, nimemfuta makamasi kwa mkono huu. Nesi wa zamani, mzee Maka, alipostaafu, nilichoma nguruwe mzima nikampelekea mkubwa mmoja wa afya, nikamwomba atuletee Fusi. Nilitaka mwanangu ahudumiwe na damu yake. Nani mwingine angewaza hilo?

Jumanne, 9 Mei

Mpango wa kwanza. Nimemwambia Lopeti kuna maboksi ya kubeba zahanati. Akaja mbio, mtoto mwema. Kufika mlangoni akamwona Fusi. Akageuka kama aliyekanyaga kaa la moto, akaruka ua, akaangukia katikati ya nguruwe wa mchungaji. Kelele! Mchungaji akatoka amejifunga taulo.

Wifi yangu Lupe, dada wa mume wangu, alikuwa barabarani akitazama. Huyu hukosa hata mazishi, lakini aibu yangu haikosi. Akasema mtoto anaogopa sindano, karithi kwa mama yake. Nikamwambia mimi siogopi kitu.

Naogopa sana.

Jumatano, 10 Mei

Nikaamua kumwonyesha mfano. Nikamburuta Lopeti anisindikize kupima sukari. Tone moja la damu kidoleni, basi. Aligoma kuingia, akabaki nje anaangalia minazi. Nikaingia peke yangu, kifua mbele. Fusi akashika kidole changu. Baada ya hapo sikumbuki. Wanasema nilianguka pamoja na meza.

Lopeti akanibeba mpaka nyumbani. Njiani akanitua apumzike, kisha akanitua tena. Nikamtania kwamba amekuwa legelege. Akasema, "Mama, nawe siku moja moja uwaachie wenzako chakula." Nikacheka. Lakini sikio langu lilikuwa kifuani kwake, na nikausikia ule moyo unavyokimbia. Kabla ya homa alikuwa anabeba magunia ya viazi vikuu huku anaimba.

Nikajilaza nimegeukia ukuta, asinione ninavyolia.

Jumamosi, 13 Mei

Mpango mkubwa. Mtoto haendi kwenye sindano? Sindano itamfuata mtoto! Nilimkaribisha Fusi chakula cha mchana, sindano iko kikapuni chini ya ndizi. Nilipika nyama ya kopo ndani ya majani ya magimbi, tui zito, kitu ambacho Lopeti hajawahi kukikimbia.

Fusi akaingia mlangoni. Lopeti akatoka dirishani. Na sahani yake!

Fusi akabaki anaangalia sakafu, mashavu mekundu. Nikadhani ni joto. Nikampa maji.

Lopeti amekwenda kulala kwa shangazi yake Lupe. Kwa Lupe, jamani! Kati ya nyumba zote!

Jumapili, 14 Mei

Sikukuu ya akina mama kanisani. Wenzangu wote wamekaa na watoto wao. Mimi nimekaa na mkoba.

Ibada ilipoisha wifi akanivuta pembeni kwa mkeka wangu wa kiunoni, ule tunaojifunga juu ya nguo za kanisani. "Wifi, kichwani mwako kuna nini, tui?" Akaniuliza Fusi ni nani kwa Lopeti. Nikasema nesi. Akasema jaribu tena. Nikasema binti wa binamu yangu. Akasema, "Kwa hiyo?"

Nikakalia mkoba wangu.

Dada yake! Kwetu visiwani binti wa binamu wa mama ni dada kamili, na kijana hakai chumba kimoja na dada yake, hatazami naye hata filamu ya watu walioshikana mikono. Na sindano ile haichomwi mkononi. Inachomwa takoni! Nilitaka mwanangu ashushe kaptula mbele ya dada yake. Tena nilitoa nguruwe ili iwe hivyo!

Nikasema kwa nini asiniambie. Wifi akasema angeanzaje, na kulitamka tu ni aibu? Hata yeye hakuambiwa, ameona tu jinsi mtoto anavyojificha Fusi akipita. Nikamshukuru wifi. Iliuma kuliko sindano.

Nilimkuta Lopeti nyuma ya nyumba ya wifi. Nikakaa chini karibu naye, nikamwomba msamaha. Akaangalia vidole vya miguu yake, akasema na yeye anaogopa, anausikia moyo ukienda vibaya akikimbia uwanjani, lakini afadhali moyo kuliko aibu ile. Nikamwambia moyo huo ulianza kupiga tumboni mwangu, asiuchezee. Aibu nimpe mimi nibebe, nina mgongo mpana. Akalaza kichwa begani kwangu, jitu lote lile.

Jumanne, 16 Mei

Nimekwenda kwa Fusi, nikazungukazunguka maneno kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kumbe naye alikuwa anajua, lakini mdomo haukufunguka, kwa aibu hiyohiyo. Akapiga simu mjini. Mchana amekuja nesi wa kiume, Semisi, na pikipiki yake. Fusi akaenda zake kuhesabu bandeji.

Lopeti amechomwa! Ametoka anachechemea na kucheka. Semisi amemsikiliza moyo, akasema bado ni mzuri, ila asikose tena hata mara moja, na koo likiwasha tu aje, asingoje mama. Lopeti akasema sindano sasa ni kazi yake mwenyewe, ataikumbuka, na mimi nipumzike. Semisi atakuwa anakuja kila mwezi. Nimemkumbatia mpaka kofia ikamdondoka.

Jumapili, 21 Mei

Nimepumzika. Nikiwa nimepumzika nimewaza: Semisi mpaka lini? Pikipiki huharibika. Mvua hunyesha. Na hana mke, nimeuliza. Fusi naye hana mume. Akimwoa Fusi atahamia hapa, awe wa kwetu kabisa, nesi na shemeji kwa pamoja! Nani atamkimbia shemeji yake?

Lopeti amenitazama wakati wa chakula akauliza, "Mama, unapanga nini?" Nikasema sipangi kitu, ale magimbi.

Nimeshamchagua nguruwe. Na Jumatano nitaugua kiuno, kile cha kuhitaji manesi wawili.