Matoroli Matano na Mto Mzima

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya fahari. Taarifa yangu kwa umma imetoka. Ule mto uliozibwa na taka tangu mvua za mwaka jana, unaopita nyuma ya nyumba za watu na kunuka mpaka barabara kuu, hatimaye umesikilizwa. Serikali imeahidi matoroli matano. Kichwa cha habari nilikitunga mwenyewe: Serikali Yatangaza Vita Dhidi ya Taka. Chini yake nikataja idadi.

Afisa itifaki alinishauri nisiitaje. Ofisi nzima tunamwita Pasi, kwa jinsi shati lake lisivyojua mkunjo. Alisema katika idara hii, tangu enzi na enzi, watu huandika "vifaa mbalimbali" na kulala usingizi wao. Nikamjibu kwamba mimi ni mtu wa uwazi. Wivu tu. Kazi yake ni kupanga viti.

Jioni nikampigia simu mama mkwe, ambaye jiko lake linatazama mto huohuo, nimpe habari njema. Akauliza kama kila mtaa utapata gurudumu lake. Nilicheka sana. Mama ana utani.

Jumanne, 4 Machi

Nimeamka nikiwa maarufu. Si kwa jema.

Mitandaoni hawana habari nyingine. Mmoja ameandika kwamba nyumba ikiungua tutaletewa glasi ya maji, tena nusu. Mwingine anaomba matoroli yapumzishwe kwanza, yasije yakachoka kabla ya vita. Wa tatu anauliza kama toroli la tano ni la akiba. Mbaya kuliko wote ni ukurasa mmoja mpya, hauna jina la mtu wala sura, unajiita Toroli la Sita. Kila ukiandika, watu maelfu wanashangilia. Umeweka taarifa yangu nzima na kuandika chini yake neno moja tu: "Poleni."

Mkurugenzi ameniita. Waziri anakuja Ijumaa. Kufikia hapo kicheko kiwe kimezimwa, na mwenye ukurasa awe amejulikana jina ili apelekwe polisi akajieleze. Nikishindwa, nahamishiwa dampo, kwenye kibanda cha getini, niwe nafungulia malori. Hakupaza sauti. Hilo ndilo lililonitia baridi.

Pasi alikuwa amesimama karibu na kabati. Alisema ukicheka na nyani utavuna mabua. Sijui nani alikuwa nyani.

Jumatano, 5 Machi

Mpango. Mzuri kuliko yote niliyowahi kupanga.

Tatizo si matoroli kuwa machache. Tatizo ni kwamba yanaonekana machache. Basi nikawaita vibarua watano, nikawapa matoroli, nikaweka kamera mbele ya ofisi. Wanapita mbele ya kamera, wanakata kona, wanazunguka nyuma ya jengo kupitia vyooni, wanatokea tena upande wa pili. Na tena. Na tena. Nilipoitazama video nilitokwa na machozi. Msafara hauishi! Nikairusha.

Nilisahau kitu kimoja. Kibarua wa mbele alikuwa na kofia ya manjano.

Kabla ya saa sita Toroli la Sita walikuwa wameipunguza video kasi na kuweka namba juu ya ile kofia kila inapopita. "Mzunguko wa nane, bado anaongoza." Watu wakaanza kumshangilia. Mmoja akasema laiti angesukuma moja kwa moja bila kuzunguka, saa hizi angeshafika mtoni. Sasa yule kibarua anaombwa picha barabarani. Mimi nimeombwa maelezo.

Mchana nikajaribu dawa nyingine. Nikafungua ukurasa wa siri, Mzalendo Mtulivu, nikausifu mpango wa serikali kwa maneno mazito. Mtu wa kwanza kunijibu aliuliza kwa nini Mzalendo anaandika kama taarifa kwa umma. Wa pili aliuliza vibarua wamelipwa kwa mzunguko au kwa siku. Nikaufunga.

Mke wangu ameniona sili. Akaniuliza kulikoni. Nikasema kazi. Akasema kazi hiyo ameiona, hata mama yake kaiona, na wamecheka wote wawili kwenye simu mpaka salio likaisha.

Alhamisi, 6 Machi

Afadhali nisingeamka.

Toroli la Sita wameweka video yao. Ni mto umepigwa kutoka dirishani: makopo, mifuko, godoro, mlango wa friji, na maji meusi yamesimama hayajui pa kwenda. Nikaitazama mara ya pili. Pembeni kuna ncha ya pazia. Pazia lina mabata. Mabata yameelea chali, miguu juu.

Pazia la namna hiyo duniani ni moja. Mke wangu ndiye aliyelishona, akakosea upande wa kitambaa, na mama yake akalitundika hivyohivyo kwa upendo.

Nilikaa chini. Halafu nikasimama. Halafu nikakaa tena. Nikimtaja, mama wa mke wangu anapelekwa polisi na mimi nitalala kwa jirani maisha yangu yote. Nisipomtaja, kibanda cha dampo.

Nikaenda kwake. Mama mkwe alikuwa mkunga miaka yake yote ya kazi. Amezoea watu kumpigia kelele, hashtuki. Alinikaribisha jikoni, akanimiminia chai. Nikaketi kwenye ncha ya kiti, mikono juu ya magoti kama mkwe anayejua adabu, nikamweleza kwa upole hali yangu, waziri, dampo, watoto. Alisikiliza yote. Hakukana.

Kisha akainuka akafungua dirisha.

Harufu iliingia ikaketi nasi mezani. Chai ikanishinda. Akaniambia dirisha lile halijafunguliwa tangu mvua za mwaka jana, na kwamba maji yalipopanda yaliingia hadi kitandani, akalala juu ya meza hiihii niliyoegemea. Hakutuambia wakati ule ili binti yake asihangaike. Mvua nyingine ziko njiani.

"Mwanangu, mimi sikucheki wewe," akasema. "Wewe ukitumwa matoroli utaandika matoroli. Lakini nilipeleka barua ofisini kwenu, nikaenda mwenyewe miguu ikavimba, hakuna aliyeniangalia. Nimewacheka siku tatu tu, waziri anakuja."

Akaongeza kwamba kama ni lazima nimtaje, nimtaje. Atavaa nguo yake nzuri aende. Niliona haya. Nilitamani sakafu inimeze, na kule chini nako najua ni maji machafu.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika kwa furaha.

Njiani kwenda kazini nilikuwa nimeamua kumtaja Pasi. Nikiri hapa, hakuna anayesoma. Lakini nilipoingia ofisini kwa Mkurugenzi, Pasi alikuwepo, shati limenyooka, akiniangalia machoni. Nikauacha uongo mlangoni.

Mkurugenzi akasema nimpe jina. Nikasema mwenye ukurasa nimemjua, ila jina lake siwezi kulitamka. Hata nyumbani silitamki. Akauliza kwa nini. Nikamjibu ukweli mtupu. Kwamba ni mama mtu mzima, anayeheshimika. Kwamba mbele yake mimi siketi mpaka aniruhusu. Kwamba akisema neno moja tu, kesho sina pa kulala.

Mkurugenzi akabadilika rangi. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama huyo mama ni wa huko, akaonyesha dari kwa kidole. Niliitazama dari. Kulikuwa na feni tu.

Pasi akaenda kufunga mlango kwa mkono wake mwenyewe. Akanong'ona kwamba yeye alishasikia wake wa wakubwa siku hizi wana kurasa za siri. Mkurugenzi akauliza huyo mama anataka nini hasa. Nikasema anataka kufungua dirisha lake.

Akainua simu. Sijawahi kumsikia akisema "tafadhali" mara nyingi vile. Saa nane mchana makatapila mawili ya idara ya barabara yalikuwa mtoni, na malori nyuma yake. Waziri alipofika akakuta kazi inaendelea, akapongeza, akapigwa picha, akaondoka. Habari za dampo hazikutajwa tena. Nimeponea chupuchupu. Nilipotoka nje nilijikuta namkumbatia Pasi, nikamkunja shati. Akaanza kulinyoosha kwa viganja, masikini.

Jumapili, 9 Machi

Tumeshinda kwa mama mkwe. Maji yanatembea. Si meupe, lakini yanatembea, na mtu anayasikia. Dirisha wazi, mabata yanapepea chali. Nilikunywa vikombe vitatu na kupumua kama mtu aliyetua gunia. Kwenye ukurasa wake ameandika: "Toroli la Sita limeegeshwa. Asanteni." Watu wamelia kwa furaha, na mimi mmojawapo.

Nikamfikishia salamu za Mkurugenzi. Akauliza huyo Mkurugenzi anadhani yeye ni nani. Nikasema sijui. Alicheka mpaka akashika ukingo wa sinki.

Jumatatu, 10 Machi

Kilima kilicho mashariki mwa mji kimeungua chote, na vumbi linaingia shuleni. Mkurugenzi, ambaye siku hizi ananiita "ndugu yangu", amenipa kazi ya kuandika taarifa. Serikali imeahidi miche saba.

Pasi amenisihi niandike "miche mbalimbali". Amenisihi kweli, karibu apige magoti, na suruali ile. Nimekataa. Mimi ni mtu wa uwazi. Saba ni saba, nitaiandika kwa herufi kubwa.

Ila nimeshazungumza na kinyozi. Ana vioo viwili vikubwa vya ukutani na amekubali kuniazima. Kimoja nitakisimamisha huku, kingine kule, miche iwe katikati. Vioo vikitazamana, msitu hauna mwisho.